Gurudumu la Baiskeli: Asili Yake, na Jinsi ya Kulinyoosha Nyumbani

Gurudumu la baiskeli likipinda, watu wengi husema, "Limekufa." Neno hilo mara nyingi si kweli, nalo huwagharimu watu fedha nyingi. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba gurudumu lililopinda ni kama mgonjwa, si maiti. Na ya kuwa dawa yake yaweza kupatikana uani mwa nyumba, pasipo mashine wala karakana. Lakini mganga asiyejua mwili ulivyoumbwa huua badala ya kuponya. Kwa hiyo yatupasa kwanza kujua habari za gurudumu lenyewe: lilitoka wapi, nalo limetengenezwaje.

Sisi tukaao Tlawi na vijiji vya jirani twajua thamani ya jambo hili. Nchi yetu ni ya vilima na makorongo. Mvua huchimba njia, na gurudumu likiingia katika shimo, hali gunia la mahindi limefungwa nyuma katika keria, uzito wote huanguka mahali pamoja. Siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi, lakini pikipiki yataka petroli, na petroli yataka fedha kila siku. Baiskeli haitaki ila miguu ya mwenyewe. Ndiyo ipelekayo mahindi mashineni na maziwa sokoni, na mara nyingine mgonjwa zahanati. Ikilazwa ndani kwa sababu ya gurudumu moja, nyumba nzima huona taabu.

GURUDUMU LA MTI

Mwaka wa 1817, katika mji wa Mannheim huko Ujerumani, mtu mmoja jina lake Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Hakikuwa na mnyororo wala pedali. Aliyekipanda alisukuma ardhi kwa miguu yake, kama mtu akimbiaye huku ameketi. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris wakatia pedali katika gurudumu la mbele. Waingereza walipokipanda chombo hicho juu ya njia zao za mawe wakakipa jina la mzaha, maana yake "kitikisa-mifupa". Nalo lilikuwa jina la haki.

Sababu ilikuwa magurudumu. Yalikuwa ya mti, yamevikwa mkanda wa chuma, kama yale ya gari la ng'ombe. Mikono ya gurudumu la mti ni kama nguzo za nyumba: uzito hushuka juu ya ule ulio chini, nao husimama na kuubeba. Basi kila mkono hauna budi kuwa mnene na mzito. Ukivunjika, hapana dawa ila kuchonga mwingine.

GURUDUMU LA WAYA

Waya mwembamba hauwezi kusimama kama nguzo. Ukiusukuma kutoka ncha zake mbili, hupinda mara moja. Lakini ukiuvuta, hustahimili uzito wa kustaajabisha. Jambo hili alilifikiri Mwingereza George Cayley mwaka wa 1808, alipokuwa akitafuta gurudumu jepesi kwa chombo cha kuruka angani. Wakati wa kuruka ulikuwa bado, lakini wazo la gurudumu likabaki likingoja. Mwaka wa 1869 fundi wa Paris, Eugène Meyer, alipata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la baiskeli lenye njiti za waya, kila mmoja ukiweza kukazwa peke yake.

Mwaka uliofuata, 1870, James Starley na William Hillman wa Coventry, Uingereza, walitoa baiskeli yao iliyoitwa Ariel, nayo ilikuwa na magurudumu ya waya. Huyu Starley alikuwa mtoto wa mkulima, na kabla ya baiskeli alikuwa fundi wa cherehani. Msomaji asishangae basi akiona hata kwetu fundi wa cherehani na fundi wa baiskeli wakiazimana bisibisi.

Mwanzoni njiti zilitoka katikati zikaenda moja kwa moja, kama miali ya jua. Zilibeba uzito vizuri, lakini mpandaji alipokanyaga pedali kwa nguvu, kitovu cha gurudumu, yaani habu, kilijisokota kidogo kabla ya ringi kufuata. Mwaka wa 1874 Starley akaleta njia iliyo bora: njiti zitoke ubavuni mwa habu, nusu zikielekea mbele na nusu zikielekea nyuma, zikipishana. Hivyo nguvu ya mguu huifikia ringi bila kupotea. Tazama baiskeli yako, utaona njiti, ambazo mafundi wetu huziita spoku, zikipishana vile vile hata leo.

Je, gurudumu la namna hii lasimamaje? Fikiri kitanda cha kamba. Fremu yake huvutwa na kamba kutoka pande zote, na mvuto wa upande huu hujibiwa na mvuto wa upande ule. Kamba zikiwambwa sawasawa, kitanda hunyooka, na mtu mzima hulala juu yake bila hofu. Zikilegea upande mmoja, fremu huenda pembe. Gurudumu la baiskeli nalo ni hivyo hivyo. Ringi peke yake ni nyembamba. Mtu aweza kuipinda kwa mikono. Ni spoku zinazoivuta kuume na kushoto, mbele na nyuma, hata ikakaa mahali pake. Basi mara nyingi gurudumu kupinda maana yake ni kwamba mivuto imekosa kulingana. Na mivuto iliyokosa kulingana yaweza kulinganishwa tena. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya gurudumu la waya na gurudumu la mti, na ndiyo siri yote ya ufundi huu.

MPIRA NA GHARAMA YAKE

Mwaka wa 1885 John Kemp Starley, mtoto wa ndugu yake James, alitengeneza baiskeli iitwayo Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha la nyuma. Baiskeli zetu ni wajukuu wa hiyo. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, akatia upepo ndani ya mpira wa gurudumu. Tangu hapo pigo la jiwe hupokewa kwanza na upepo, halafu ringi. Ndiyo maana fundi hukuambia usipande baiskeli isiyo na upepo wa kutosha: pigo ambalo mpira ungelimeza huiangukia ringi yote.

Lakini habari hizi zina upande wa huzuni, nao watuhusu sisi Waafrika. Ulaya na Marekani zilipotaka mpira kwa wingi, watu wa Kongo, nchi iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hata mwaka wa 1908, walilazimishwa kuutafuta mwituni kwa mapigo, na wengi wakafa. Tukitaja uzuri wa chombo, tusiwasahau waliolipa gharama yake.

LILIVYOFIKA KWETU

Katika Afrika ya Mashariki baiskeli ilikuwapo kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Usiku wa kuamkia mapigano makubwa ya Tanga, mwezi wa Novemba 1914, Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, aliingia mjini humo juu ya baiskeli pamoja na wenzake wachache, akapita njia zilizokuwa tupu mpaka karibu na bahari, apate kujionea merikebu za adui. Hivyo chombo kidogo kilifanya kazi ya farasi.

Baada ya vita nchi ilipokuwa chini ya Waingereza, zilienea baiskeli zao, kama Raleigh ya Nottingham na Hercules ya Birmingham. Mwanzoni waliozipata ni wenye mshahara: makarani, walimu na makatekista, baadaye wakulima waliouza mazao yao. Miaka ilipopita zikaja za Uhindi na za China, kama Phoenix ya Shanghai. Tanzania nayo, baada ya uhuru, ilipata kutengeneza baiskeli zake zilizoitwa Swala.

Zile baiskeli kubwa za zamani, zenye magurudumu ya inchi 28, zilikuwa na desturi moja ya Kiingereza ambayo Wahindi na Wachina waliifuata: spoku 32 mbele na 40 nyuma. Waliozipanga hivyo walijua kwamba uzito mwingi hukaa nyuma. Nguvu ya gurudumu hili ilionekana mwaka wa 1954 huko Dien Bien Phu, katika nchi ya Vietnam, ambako wachukuzi walizisukuma baiskeli katika njia za milima, nyingine zikibeba zaidi ya kilo 200, hata jeshi la Wafaransa likashindwa. Hawakuzipanda, walizifunga fito na kuzisukuma kwa miguu, kama wafanyavyo watu wetu wenye magunia wakipanda kilima.

Lakini yafaa tuangalie neno moja. Baiskeli zilitufikia, karakana za Coventry hazikutufikia. Kiwandani gurudumu hunyooshwa juu ya chuma maalum chenye vipimo. Kijijini fundi alikaa chini ya mti, akiwa na spana, koleo na bisibisi, na ikambidi kutafuta njia. Akagundua kwamba baiskeli yenyewe ni kipimo chake. Ufundi huo haukuandikwa katika vitabu vyetu vya shule; ulipita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake. Sasa twaueleza, usije ukapotea.

JINSI YA KULINYOOSHA

Ipindue baiskeli, isimame juu ya kiti na usukani. Kwanza shika ringi uitikise kuume na kushoto. Ikiwa habu yenyewe yacheza, shida ni gololi au nati za ekseli. Zirekebishe hizo kwanza, la sivyo utafanya kazi ya bure. Kisha pitisha mkono katika spoku zote, utafute iliyovunjika au iliyolegea. Spoku moja ikivunjika upande wa kushoto, ringi hukimbilia kuume, na tiba yake ni kutia nyingine. Ukiwa safarini nawe huna nyingine, ifunge iliyovunjika kwa jirani yake isinase, kisha legeza kidogo zile mbili za upande wa pili zilizo karibu nayo. Gurudumu litakufikisha nyumbani.

Nati ndogo za spoku zikiwa na kutu, zidondoshee mafuta usiku kucha. Hata mafuta ya taa yafaa. Ukilazimisha nati yenye kutu utaikata spoku.

Sasa zungusha gurudumu, ukishika kipande cha chaki karibu na ringi, huku mkono wako umetulia juu ya uma wa baiskeli. Mahali ringi inapokuja kuigusa chaki, patakuwa na alama. Hapo ndipo palipopinda. Fanya hivyo kila upande.

Kanuni ni hii: ringi ikielekea kuume, kaza spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu mahali hapo, na kulegeza zile za kuume, ikielekea kushoto, fanya kinyume. Ukitumia bisibisi kutoka upande wa tairi, baada ya kuondoa tairi na mpira wa ndani, kukaza ni kuzungusha kama ukazavyo skrubu yoyote. Ukitumia spana ndogo au koleo ukitazama kutoka upande wa habu, mzunguko huonekana kinyume. Wengi wamezidisha ubovu kwa kutolijua hilo.

Usizungushe nati zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja. Palipopinda sana, pape nguvu zaidi katikati, na pungufu pembeni. Kisha zungusha gurudumu, utazame tena. Mwenye haraka huikaza spoku moja mpaka mwisho. Ringi huhama upande wa pili, naye huifuata huko, na kabla ya jua kutua amekuwa na gurudumu baya kuliko alilolianza.

Sikio nalo ni kipimo. Piga spoku kwa ukucha, kama upigavyo uzi wa zeze. Iliyokazwa hulia sauti nyembamba, iliyolegea sauti nzito. Katika gurudumu la mbele spoku zote ziwe na sauti zinazokaribiana. Moja ikilia mbali na wenzake, jua kwamba hiyo ama yavuta peke yake, ama imelala.

Ukimaliza upande, tazama na kimo. Shika chaki juu ya ringi badala ya ubavuni. Mahali ilipovimba nje, kaza kidogo spoku za pande zote mbili. Ilipobonyea ndani, zilegeze kidogo. Wenye baiskeli zenye breki za fito wasidharau jambo hili, kwa maana breki zile huikamata ringi kutoka upande wa ndani, na ringi isiyo mviringo huzifanya zishike na kuachia, kushika na kuachia.

Gurudumu likiwa limejikunja sana, kama jani lililokauka, spoku peke yake hazitalirudisha. Zilegeze zote mahali hapo, ulilaze gurudumu chini, uvimbe ukitazama juu, na pande zake mbili zikiegemea vipande vya gogo. Weka goti juu ya uvimbe, usukume pole pole. Uinue, utazame, urudie. Usipige kwa nyundo, kwani nyundo huacha kovu lisilonyooka. Ikikaribia kuwa sawa, rudia kazi ya chaki na spoku.

Mwisho, kamata spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba, uzibane kwa mkono kuzunguka gurudumu lote, zipate kutulia mahali pake. Ncha zilizotokeza ndani ya ringi zipunguze kwa tupa, zisije zikatoboa mpira. Baada ya kuipanda siku chache, litazame tena. Spoku nyingine hulegea kidogo zikiisha kuzoea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MIPAKA YA TIBA

Hatusemi kwamba kila gurudumu hupona. Ringi iliyopasuka, au iliyokunjika hata chuma kikafanya pembe kali, au iliyoliwa na kutu matundu ya spoku yakapanuka, hiyo haifai tena. Hasa gurudumu la mbele msilifanyie mzaha. Katika nchi tambarare likivunjika, mtu huanguka na kuinuka. Lakini atokaye Mbulu kushuka Magara kuelekea Bonde la Ufa hana tambarare ya kumpokea. Fedha iliyookolewa kwa ringi mbovu haiwezi kuununua uhai wa mtu.

HESHIMA YA FUNDI

Kuna watu waonao kazi ya baiskeli kuwa duni, nao huwacheka vijana wenye mikono ya grisi. Hao na wafikiri habari ya ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright. Mwaka wa 1892 walifungua duka la baiskeli katika mji wa Dayton, wakawa wakitengeneza na kuuza. Mwaka wa 1901, walipotaka kupima jinsi upepo unavyoinua bawa, hawakuwa na vyombo vya wanachuo. Wakajitengenezea mizani yao kwa spoku za baiskeli na vipande vya msumeno wa chuma. Na tarehe 17 Desemba 1903 chombo chao kikaruka. Gurudumu la waya, ambalo Cayley alilifikiri kwa ajili ya kuruka, liliingia kwanza katika baiskeli, na kutoka katika duka la baiskeli watu wakapanda angani.

Basi, wasomaji wapenzi, gurudumu likipinda msiseme upesi kwamba limekufa. Pinduueni baiskeli, tafuteni chaki na spana, mwiteni na kijana wa nyumbani atazame, wa kiume au wa kike. Mwacheni ashike spoku mwenyewe, asikie ile inayolia na ile iliyonyamaza. Atajifunza kunyoosha ringi. Tena atajifunza kwamba kitu hakinyooki kwa kupigwa upande mmoja, bali kwa kulinganishwa pande zote, robo kwa robo, mpaka kizunguke bila kugusa.